Penseli, Timazi na Mwanafunzi wa Miaka 27

Kama una penseli hapo ulipo, chukua na kipande chochote cha karatasi, hata nyuma ya risiti ya duka. Anayeendesha gari aendelee kuendesha. Wengine, tafuteni kiti kilicho mbele yenu, cha mbao au cha plastiki, mkichore wakati mimi naendelea kusema. Najua redio ni mahali pa ajabu pa kufundishia kuchora: mimi sioni mnachochora, nanyi hamwoni ninachoonyesha. Lakini kiti nadhani naweza kukibashiri.

Wengi wenu mmechora miguu minne yenye urefu sawa, yote imesimama kwenye mstari mmoja. Kikalio kimetoka mraba kamili, kana kwamba mnakitazama kutoka darini. Kwa hiyo miguu mmeitazama kutoka mbele na kikalio mmekitazama kutoka juu, kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifanya. Msiulaumu mkono. Mkono umeandika ulichoambiwa na kichwa: kiti kina miguu minne, miguu ni sawa, kikalio ni mraba. Yote hayo ni kweli, na mchoro bado ni uongo.

Kwetu mtu akifika hapo huweka penseli chini na kusema, "Mimi sina mkono wa kuchora, kipaji hicho Mungu hakunipa." Hakuna asemaye hivyo kuhusu kuendesha baiskeli, wala kusoma saa, wala kusuka mkeka. Huko tunajua kuna mtu wa kufundisha, kuna la kuanza nalo na la kufuata. Kuchora peke yake ndiko tumekuachia majaliwa. Mazungumzo yangu leo ni juu ya kozi ya kuchora ya mtu anayeanza, ile yenye mpangilio, somo la kwanza kabla ya la pili, na nitawaeleza kwa nini naamini mpangilio huo umewasaidia watu ambao kipaji peke yake kisingewafikisha popote. Nitaanza na mmoja ambaye jina lake mnalijua.

Mwaka 1880 Vincent van Gogh alikuwa na umri wa miaka 27 na hakuwa na kazi. Alikuwa amefanya kazi tangu umri wa miaka 16 katika kampuni ya Goupil, iliyokuwa ikiuza picha Paris, London na The Hague, wakamwachisha kazi mwaka 1876. Akajaribu ualimu, akauza vitabu, akaenda kuhubiri Injili kwa wachimbaji wa makaa ya mawe katika eneo la Borinage, Ubelgiji, na huko nako hawakumwongezea muda. Akiwa kijijini Cuesmes, hana senti, akaamua kuwa mchoraji. Watu wengi wanaijua picha yake ya alizeti. Wachache wanajua kwamba alianza kwa kufuata kozi kwa utiifu wa mtoto wa darasa la kwanza.

Kozi yenyewe ilitungwa na Mfaransa Charles Bargue, fundi wa kuchapa picha kwa mawe, akisaidiana na mchoraji maarufu Jean-Léon Gérôme. Aliyeichapisha ni Goupil, kampuni ile ile iliyomfukuza Vincent. (Gérôme alikuwa amemwoa binti wa mwenye kampuni, kwa hiyo biashara ilikaa nyumbani.) Ilikuwa na karatasi 197 katika sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa na michoro ya sanamu za plasta: mguu, sikio, jicho, mkono, kisha kichwa kizima, kisha mwili. Ya pili ilikuwa nakala za michoro ya mabingwa. Ya tatu ilikuwa na mazoezi 60 ya mkaa, miili ya wanaume iliyochorwa kwa mistari michache tu. Vincent aliandika barua kwa meneja wa Goupil wa The Hague, aliyekuwa bosi wake zamani, akaazimwa yale mazoezi 60 ya mkaa na sehemu nyingine za kozi. Akakaa kwenye chumba kidogo alichokuwa akilala pamoja na watoto wa mwenye nyumba, akanakili zote. Alipozimaliza akarudia tangu mwanzo.

Nataka tukae kidogo kwenye karatasi hizo, kwa sababu ndani yake kuna siri ambayo kozi nyingi nzuri zimeirithi. Katika karatasi nyingi za mwanzo, kitu kimechorwa mara mbili. Upande mmoja kuna mguu uliokamilika, wenye kivuli na vidole. Upande mwingine kuna mguu huo huo ukiwa mistari iliyonyooka tu: mmoja kutoka kisiginoni kwenda kifundoni, mwingine kutoka kifundoni kwenda kwenye kidole gumba, pembe zimekatwa kwa ukali kama jiwe lililochongwa. Mwanafunzi anaanza na ule wa mistari. Haruhusiwi kugusa kucha wala mkunjo wa ngozi mpaka pembe zile zikae sawa. Mtu asiyejifunza huanza na kucha. Huanza na jicho na kope zake, akalipamba likapendeza, kisha akagundua pua haina pa kukaa.

Na kwenye baadhi ya karatasi hizo kuna mstari mmoja uliosimama wima, umepita katikati ya umbo kutoka juu hadi chini. Hiyo ni timazi. Naam, timazi ile ile ya fundi mwashi, uzi wenye kipande cha risasi au chuma mwishoni. Wanafunzi wa Ulaya waliishika mkononi mbele ya sanamu, wakafumba jicho moja, wakauliza: uzi ukianzia kwenye shimo la sikio, unashuka kupitia wapi? Unagusa bega au unapita nje yake? Unatua juu ya mguu upi? Ukuta bila timazi huenda tenge, na mwili wa mtu kwenye karatasi nao huenda tenge, ukaonekana unaanguka hata kama kila kiungo kimechorwa vizuri. Kama kwenu kuna fundi, muombe uzi wake leo jioni umtazame nao mtu aliyesimama akiegemea mguu mmoja. Utashangaa kichwa chake kiko juu ya mguu gani.

Sasa msidhani Vincent alikuwa mwanafunzi mpole. Mwanzoni mwa 1882, huko The Hague, shemeji wa ukoo wake, mchoraji Anton Mauve, alimtaka achore kutoka kwenye sanamu za plasta. Wakagombana. Vincent akarudi chumbani kwake akazivunja zile plasta ndani ya ndoo ya makaa, na mwenyewe akamsimulia ndugu yake Theo kwenye barua. Miaka minne baadaye alijiandikisha katika chuo cha sanaa cha Antwerp, akagombana na mwalimu wa kuchora, na uamuzi ukatoka kwamba arudishwe darasa la wanaoanza. Alikuwa ameshaondoka. Nawaeleza haya kwa sababu mtu huyo huyo mbishi, ambaye hakuna mwalimu aliyemuweza, katika miezi ya mwisho ya maisha yake mwaka 1890 alimwandikia Theo akiomba tena yale mazoezi ya mkaa ya Bargue ili ayanakili upya. Alikuwa ameshachora alizeti na usiku wa nyota. Walimu aliwakataa mmoja mmoja, mazoezi hakuyakataa.

Hapo najua kuna msikilizaji anainua kidole. Anasema: kunakili ni kuiga, na kuiga kunaua ubunifu. Hoja hiyo ina historia ndefu hapa kwetu Afrika Mashariki, na walioitoa si watu wa kupuuzwa. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa Kampala katika miaka ya 1930 na kuasisi shule ya sanaa ya Makerere, hakutaka wanafunzi wake wapewe sanamu za Kigiriki wazinakili. Alikuwa akiwasimulia hadithi au tukio kwa maneno, nao wachore kile walichokiona moyoni. Kwake walipita Watanzania kama Sam Ntiro, aliyekuja kuwa balozi wetu London baada ya uhuru, na Elimo Njau wa Marangu, aliyechora picha za ukutani katika kanisa la Murang'a nchini Kenya mwaka 1959. Njau alikwenda mbali zaidi ya mwalimu wake. Katika kituo chake cha Paa ya Paa, Nairobi, aliwahubiria vijana kwamba kunakili humfanya Mungu alale usingizi.

Ni kauli tamu. Lakini Trowell alipostaafu mwaka 1958, aliyemrithi Makerere, Cecil Todd, alileta kuchora kwa kutazama mwili wa mtu na vitu halisi, pamoja na mtaala wenye hatua. Aliona wanafunzi wana mengi ya kusema na mikono haiwatii. Mjadala huo haujaisha mpaka leo, na sidhani utaisha.

Geuzeni macho Dar es Salaam mwaka 1968. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuwa amefanya kazi nyingi za mikono mjini, anaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi vya mraba. Anauza Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Ndugu na marafiki wanamzunguka: January Linda, Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata. Hapakuwa na kitabu wala ubao. Lakini kozi ilikuwepo. Kijana alianza kwa kupaka rangi ya chini, ile ya nyuma ya picha. Alipoiweza bila mabaka akapewa umbo alilochora mwalimu alijaze. Kisha akaachiwa madoa ya chui, manyoya ya ndege, vile vitone vinavyotaka mkono usiotetemeka. Kuchora umbo lenyewe kulikuja baadaye. Tingatinga alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, baada ya miaka minne tu ya kuchora, na bado mtindo wake haukufa naye. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Mtindo uliotegemea kipaji cha mtu mmoja ungezikwa naye.

Nitasema ninavyoona mimi, na mniwie radhi waumini wa Njau. Kunakili si kosa. Kosa ni kunakili kusikokuwa na mlango wa kutokea. Karatasi za Bargue zilikuwa na sehemu ya tatu iliyomsogeza mwanafunzi mpaka mbele ya mtu mwenye damu na pumzi, ambaye hakai bila kutikisika. Mlango ulikuwepo tangu mwanzo. Katika vibanda vyetu vya kuuzia watalii mlango huo mara nyingi umezibwa: kijana ananakili twiga wa mwenzake, aliyenakili wa mwenzake, na hakuna kati yao aliyekwenda Mikumi kumtazama twiga. Ukitaka kuipima kozi yoyote ya kuchora, uliza somo lake la mwisho linakuacha wapi. Kama linakuacha na picha ya mwalimu mkononi, umelipia ada ya kuwa mashine.

Karne ya 20 ilimleta mwalimu aliyeuondoa mfano wa kunakili kabisa na kumweka mwanafunzi mbele ya kitu tangu siku ya kwanza. Mmarekani Kimon Nicolaides alifariki mwaka 1938, na kitabu chake kikatoka 1941. Ndani yake kuna ratiba 25, kila moja ya saa 15, na anamwambia msomaji bila kumbembeleza kwamba kusoma bila kufanya zile saa ni kupoteza muda. Zoezi lake la kwanza linawachekesha watu: unatazama ukingo wa kitu, unaamini ncha ya penseli inaugusa ukingo huo, unausogeza mkono polepole sambamba na jicho, wala hutazami karatasi. Kinachotokea kwenye karatasi ni fujo. Jicho lako, hata hivyo, limepita kila mkunjo, na hilo ndilo lililokuwa somo.

Betty Edwards, mwalimu wa California, alitoa kitabu chake mwaka 1979. Yeye alirudi kwenye kunakili, lakini kwa njia nyingine: aliwapa wanafunzi mchoro wa Picasso wa mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, akawaambia waugeuze juu chini kisha waunakili. Watu waliosema hawana mkono wakatoa michoro inayoshangaza. Mchoro ulipogeuzwa, mwanafunzi hakuona tena "pua" na "kidole". Aliona mstari uliopinda kushoto, ukakutana na mwingine. Edwards alieleza jambo hilo kwa nadharia ya upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo, akitegemea utafiti wa Roger Sperry, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1981. Wataalamu wa ubongo leo wanasema mgawanyo huo umerahisishwa mno. Sawa. Mazoezi yanafanya kazi hata kama maelezo yake yamechakaa; mama zetu walichachusha togwa bila kujua chochote kuhusu bakteria.

Sasa turudi kwenye penseli yako. Nikipewa mtu mzima anayeanza, masomo yangu ya mwanzo yangekuwa haya. Kwanza nafasi tupu: mwambie aache kuchora kiti, achore hewa iliyo kati ya miguu ya kiti. Hewa haina jina, kichwa hakina cha kuingilia, na hewa ikikaa sawa kiti kinajitokeza chenyewe. Kisha kupima. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, fumba jicho moja, pima upana wa kikalio kwa penseli, halafu uone unaingia mara ngapi katika urefu wa kiti. Kiwiko kikilegea kipimo ni batili, na hapa ndipo wengi hudanganyika.

Baada ya hapo ningekaa muda mrefu kwenye glasi na sufuria. Mdomo wa sufuria ni duara, lakini ukiwa umekaa mezani unauona umebanwa, na anayeanza huuchora na ncha mbili kali kama jani la mwembe. Hauna ncha, unapinda pande zote. Tena kitako cha glasi, ambacho kila mtu hukichora kwa mstari ulionyooka kwa kuwa anajua glasi imekaa juu ya meza tambarare, kinapinda kuliko mdomo wenyewe, kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa jicho lako. Inua glasi taratibu mpaka mdomo ufike usawa wa jicho: utaona duara limegeuka mstari mtupu. Mwanafunzi akiliona hilo mara moja hatasahau, na pespektivu yote ya barabara na majengo, ile inayotisha kwa rula na nukta, inakuwa nyepesi kwake. Vincent naye aliisumbukia. Mwaka 1882 aliagiza fremu ya mbao iliyofungwa nyuzi, akaisimika ufukweni na mashambani ili achungulie dunia kupitia humo.

Mwanga na kivuli ni vya kufinya macho. Ukiyafinya, vitu vidogo vidogo hupotea, yanabaki mapande mawili matatu ya giza na nuru, na hayo ndiyo unayoyachora. Uso wa mtu uje mwisho, na ukija kumbuka kwamba macho yako katikati ya kichwa, nusu kwa nusu kutoka utosini hadi kidevuni. Pima kwenye kioo. Wengi wetu tumekuwa tukiwanyang'anya ndugu zetu paji la uso miaka yote.

Siku hizi kozi ziko kwenye simu, nyingi bila malipo, na nyingine ni nzuri kweli. Tatizo lake ni kwamba ni tele. Mtu huanza ya mwalimu huyu Jumatatu, Alhamisi anaona nyingine inaahidi uso wa binadamu kwa dakika kumi, anahamia huko, na baada ya mwezi ana masomo ya kwanza ya kozi sita. Kozi ya wastani uliyoimaliza itakufaa kuliko sita bora ulizozionja. Na ukiwa unafuata video, isimamishe, zima kioo cha simu, chora kitu kilicho mezani kwako. Kikombe cha mwalimu kilikwisha kugeuzwa kuwa bapa na kamera. Kazi ngumu ya kukigeuza umeshafanyiwa.

Kuhusu vifaa, msiogope. Penseli ya HB na nyingine laini ya 4B zinatosha kuanzia. Mkaa wa jikoni ni mgumu, unakwaruza karatasi, lakini wa kuchorea unaweza kuutengeneza mwenyewe. Kata vijiti vyembamba vilivyonyooka na vilivyokauka, vimenye maganda, vipange vikibanana ndani ya kopo la maziwa ya unga, funika na toboa tundu moja dogo kwenye mfuniko. Liweke kopo juu ya makaa, nje ya nyumba. Moshi mzito utatoka tunduni. Ukikoma kutoka, ondoa kopo na usilifungue mpaka lipoe kabisa, kwani hewa ikiingia mapema utapata majivu. Vijiti vikitoka vyeusi na vinalia kama kigae ukiviangusha, vimeiva. Vikiwa bado na rangi ya kahawia katikati, rudisha motoni. Mchoro wa mkaa hufutika ukiguswa, kwa hiyo usiupange juu ya mwingine kabla ya kuupulizia dawa ya nywele ya kopo, kwa mbali, mara mbili. Na nyuma yake andika tarehe.